UZI: Wahamiaji haramu na uchumi wetu. Nani hasa anaumia?

1/ Msimu wa siasa ukikaribia, lazima mtu aseme kwenye mdahalo, "Wageni wamejaa, wanatunyang'anya kazi." Mwingine anamjibu, "Huo ni ubaguzi." Basi sisi huku tunatukanana hadi usiku. Mimi nasomea sayansi ya siasa, na leo nataka tuichambue hii hoja polepole. Majina ya wanasiasa na vyama tuyaache nje.

2/ Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu nani. Mkimbizi aliyesajiliwa Dadaab au Kakuma si mhamiaji haramu. Yuko chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Haramu ni kukaa nchini bila ruhusa. Kuna aliyepenya Moyale usiku, na kuna aliyetua kwa ndege na visa safi, muda ukaisha, akabaki. Huyu wa pili hatajwi sana. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inawaadhibu wote: faini isiyozidi Sh500,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

3/ Sasa kazi. Hapa malalamiko yana ukweli. Tuseme pale mjengoni Mkenya anadai Sh700 kwa siku, na mgeni asiye na kibali anakubali 400. Huyo mgeni hapendi kulipwa kidogo. Akidhulumiwa hawezi kushtaki, maana yeye ndiye atakayekamatwa, na mwajiri analijua hilo vizuri. Kesho Mkenya akiomba nyongeza anaambiwa, "Kuna mtu atafanya kwa 400." Wakili na daktari hawalisikii hili. Anayelisikia ni mtu wa kibarua.

4/ Na "hawachangii chochote"? Si kweli. Akinunua sabuni analipa VAT ya asilimia 16 kama wewe, na kodi ya nyumba analipa. Kinachopotea ni ushuru wa mshahara na NSSF, kwa sababu analipwa mkononi, kimyakimya. Pia serikali haiwezi kupanga dawa na madarasa kwa ajili ya watu isiojua wako wapi.

5/ Usalama je? Kuna njia inayojulikana: vijana kutoka Ethiopia wanaingia Moyale, wanapita Nairobi, wanaelekea Afrika Kusini. Safari hiyo ina mabroka, na ina vizuizi vya barabarani. Mahali ambapo kitu kidogo kinafungua njia, kinamfungulia mtafuta kazi na kinamfungulia mwenye bunduki vilevile. Hapo tatizo limeshavuka uhamiaji, ni ufisadi wetu wenyewe.

6/ Kuna gharama ambayo midahalo huiruka: Wakenya kugeuzwa wageni. Kaskazini mashariki, miaka ya ukame na njaa, kuna familia za Wakenya zilizojisajili Dadaab kama wakimbizi ili zipate chakula. Watoto walipofika miaka 18 wakaomba kipande, alama zao za vidole zikaonyesha "mkimbizi". Wakanyimwa. Bila kipande hupigi kura, na kazi rasmi huipati. Na Aprili 2014, kwenye msako uliowapeleka maelfu ya watu uwanja wa Kasarani, Wakenya wenye asili ya Kisomali nao walibebwa.

7/ Ukiangalia vizuri, faida inaenda kwa mwajiri mjanja, broka na afisa anayekula rushwa. Hasara inabebwa na kibarua Mkenya, kibarua mgeni, na raia wa mpakani. Lakini msako ukifanywa, ni nani unamwona akipandishwa lori?

8/ Kwa hivyo mgombea akija na hii hoja, muulize mambo matatu. Mwajiri anayeajiri watu bila kibali utamfanya nini? Afisa aliyewapitisha je? Na Mkenya aliyenyimwa kitambulisho atakipata lini? Akikujibu kwa hasira juu ya wageni tu, jua hajajibu.

Kama kuna pointi nimeacha, leta. Matusi hapana.