Wi-Fi ya Ofisi ya Usharika: Nani Mwingine Anasikia?



Sharika kadhaa zimeuliza kama ni salama kuweka orodha za mradi kwenye kompyuta ya ofisi, au ya nyumbani kwa mhazini, baada ya kufungiwa mtandao usio na waya. Swali ni la msingi. Orodha hizo zina majina ya yatima, simu za walezi, na pengine afya ya mtu ambaye hata jirani yake hajamweleza.

Ruta ni kituo kidogo cha redio na mawimbi yake hayaishii ukutani. Hapa Lushoto mtu akiita ng'ambo ya bonde, wa upande huu humsikia; mawimbi nayo hupita vizuri penye uwazi kama huo, na mwenye antena nzuri huyanasa kwa mbali bila kuonekana. Kwa hiyo kinachotulinda si umbali, bali ni kufumbwa kwa maneno yanayosafiri.

Njia ya kwanza ya kufumba ni WEP ya mwaka 1997. Kasoro zake kubwa zilijulikana mwaka 2001, na mwaka 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, walionyesha kwamba hufunguliwa kwa chini ya dakika moja. Ruta za zamani za msaada huenda bado zimewekwa hivyo. WPA2 ya mwaka 2004 ni imara zaidi, ila wengi hawajui jambo moja: mwenye neno la siri, akinasa mawasiliano tangu kompyuta ya mwenzake inapojiunga, anaweza kuyafumbua. Neno la siri lililobandikwa ukutani kwa ajili ya wageni wa semina ni ufunguo tuliogawa wenyewe. Wageni wawekewe mtandao wao. WPA3 ya mwaka 2018 imeziba tundu hilo.

Tovuti za benki hufumba mawasiliano yake zenyewe. Msikilizaji ataona umefungua benki gani, hataona ulichoandika. Mimi hofu yangu haiko huko. Iko kwenye folda iliyoachwa wazi kwa kompyuta zote za ofisi, ruta yenye neno la siri la kiwandani, na laptopu inayopandishwa basi kwenda Mombo ikiwa diski yake haijafumbwa. Mwizi wa laptopu hahitaji antena.

Tena sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume na azilinde, na za watoto na za afya inaziita nyeti. Usharika nao ni mkusanyaji.

Tunaomba katibu wa kila kamati afungue mipangilio ya ruta, aandike kama ni WEP, WPA2 au WPA3, na kuleta jibu pamoja na taarifa ya robo mwaka. Palipo na WEP, ruta mpya iingie kwenye bajeti kabla ya viti vya ukumbi.