Siku ya Usaili wa Viza Imefika, Karatasi Moja Haipo

Mwanachuo mwenzangu, umepata nafasi ya kusoma Marekani. Umelipa ada ya viza, dola 185, ambayo hairudishwi hata ukinyimwa. Usaili ni keshokutwa ubalozini Dar es Salaam, na karatasi moja haijafika. Je, unapanda basi hapo stendi ya Nyegezi, zaidi ya kilomita 1,000, au unaahirisha?

Inategemea ni karatasi gani.

Kuna zile ambazo bila hizo usaili haufanyiki: pasipoti, ukurasa wa uthibitisho wa fomu DS-160 na uthibitisho wa miadi. Kama pasipoti bado iko Uhamiaji, usisafiri. Ingia kwenye mfumo ubadilishe tarehe mapema. Risiti ya ada inakupa siku 365 za kupanga miadi, kwa hiyo hela yako haijapotea.

Kuna zile zinazobeba ombi lenyewe. Mwanafunzi wa viza ya F-1 anahitaji fomu I-20 kutoka chuo kilichompokea. Wa J-1, yaani programu za kubadilishana, anahitaji DS-2019. Bila fomu hiyo afisa hawezi kukupa viza hata kama majibu yako yamemridhisha. Ila usikate tamaa haraka: siku hizi vyuo vinaweza kuituma kwa barua pepe. Waandikie leo, ikifika uchape na kusaini.

Halafu kuna za kuunga mkono: transkripti, taarifa ya benki ya mfadhili, cheti cha kuzaliwa. Afisa anaweza asiziombe kabisa, maana usaili ni mazungumzo ya dakika chache tu. Ikikosekana moja ya hizi, nenda. Akiuliza, mwambie ukweli: iko wapi, umeiomba lini, unaitegemea lini.

Sasa akiitaka na huna, mara nyingi utapewa barua inayotaja kifungu cha 221(g) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani. Watu wengi wakiiona barua hiyo wanalia palepale. Kisheria ni kweli umenyimwa, na ukiomba tena siku za mbele ukaulizwa kama uliwahi kunyimwa, jibu ni ndiyo. Lakini mlango haujafungwa. Una mwaka mmoja wa kupeleka kilichokosekana bila kulipa ada upya. Ni tofauti na 214(b), ambapo afisa hajaridhika kwamba utarudi nyumbani. Hapo kuomba tena ni kuanza upya na kulipa tena.

Hatari kubwa iko kwingine. Ukiwa na presha, atatokea kishoka wa kukutengenezea taarifa ya benki kwa usiku mmoja. Kataa. Kifungu cha 212(a)(6)(C) kinahusu udanganyifu, na kinaweza kukufungia Marekani maisha yako yote. Karatasi iliyochelewa inasubiriwa mwaka mzima, ila ya kughushi haina muda wa kuisha.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, soma tovuti ya ubalozi, kwa sababu masharti kwa Watanzania hubadilika. Panga karatasi zako kwenye mafungu haya matatu, uangalie iliyokosekana imeangukia wapi. Ikiwa ni fungu la tatu, safiri salama.