Halali Twaitafuta, Sukari Je?

Jioni za Ramadhani, dukani, wengi wetu huangalia mambo mawili: bei na alama ya halali. Yale maandishi madogo mgongoni mwa chupa huyapita kama hatuyaoni.

Nchini Chile, Amerika ya Kusini, serikali iliyatoa mbele. Tangu Juni 2016, chakula chenye sukari, chumvi, kalori au mafuta ya kuganda kupita kiasi hubandikwa alama nyeusi ya pembe nane. Matangazo yake kwa watoto pia yalizuiwa. Watafiti walipopima manunuzi ya majumbani, vinywaji vyenye alama hiyo vilikuwa vimepungua kwa karibu robo.

Basi nasi, msomaji, tuigeuze chupa. Gramu 4 za sukari ni kijiko 1 cha chai. Chupa ya nusu lita iliyoandikwa gramu 10 kwa kila mililita 100 ina gramu 50, yaani vijiko 12 na nusu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na 25 ni bora zaidi. Hapo kaimati na tambi za sukari bado hazijahesabiwa!

Tumeamrishwa kula kilicho halali na kilicho kizuri. Halali imeandikwa mbele. Uzuri tuutafute nyuma.