Sauti Haionekani Kwenye Kava

Kwenye harusi za Maramba, wilayani Mkinga, mwimbaji wa taarabu ana malipo mawili. Ya kwanza hupangwa na wenye shughuli mapema. Ya pili hutoka mikononi mwa wanawake wanaoinuka mkekani, noti kati ya vidole viwili, wakaenda kumtunza pale ubeti ulipowachoma. Ubeti ukipwaya, hainuki mtu. Sauti husikika kwanza, fedha ikafuata.

Filamu zetu zilikua kwa mpango wa kinyume. Enzi za kanda, na baadaye DVD, mtayarishaji alipeleka kazi yake kwa msambazaji Kariakoo, na swali lililopandisha au kushusha bei lilikuwa: nani yupo kwenye kava? Msambazaji alinunua haki kwa mkupuo, halafu akahangaika kurudisha fedha yake nakala kwa nakala, mjini na vijijini. Mteja wa Maramba aliyesimama mbele ya meza ya DVD sokoni hakuweza kuionja filamu kabla ya kulipa. Aliona sura tu. Basi sura ikawa mtaji, na warembo wa mashindano na wanamuziki wa Bongo Fleva wakapewa uhusika kwa kuwa majina yao yalishatangazwa bure na magazeti. Simlaumu msambazaji. Alijikinga na hasara kwa ngao aliyokuwa nayo.

Hesabu hiyo huvurugika hadithi inapobebwa na nyimbo. Anayeigiza tajiri huazimiwa suti na gari. Anayeigiza mwimbaji haazimiwi koo.

Niliwahi kukaa kwenye usaili mmoja Tanga mjini, wa filamu iliyomhusu mwimbaji wa taarabu. Alikuja mama mmoja wa Maramba, mwimbaji wa harusini, kanga imefungwa kifuani, viatu ameviacha mlangoni. Alipoanza, mishipa ya shingo ilimsimama, mkono wa kushoto ukashika pindo la kanga kana kwamba linataka kumponyoka, na fundi wa taa akaacha kazi yake akasikiliza. Uhusika akapewa binti mwenye sura inayojulikana. Mama akaitwa studio siku moja, akarekodi nyimbo, akalipwa ya siku moja, na jina lake halikuandikwa popote. Filamu ilipotoka niliitazama kwa uchungu: midomo ya binti inafunguka, sauti nzito ya mama inatoka, na shingo imetulia kama ya mtu anayekunywa chai. Watazamaji wa Tanga, waliolelewa na sauti ya mwimbaji Shakila na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, hawawezi kudanganywa kwa hilo.

Hollywood ilitangulia kwenye njia hiyo. Warner Bros. ililipa dola milioni 5.5 kwa haki za My Fair Lady, mchezo uliotamba Broadway tangu 1956. Julie Andrews, aliyeucheza jukwaani, akaachwa kwa kuwa hakuwa na jina la sinema. Audrey Hepburn akalipwa dola milioni 1, na sehemu kubwa ya nyimbo zake ikaimbwa na Marni Nixon. Filamu ya 1964 ilifanya vizuri sokoni, sina budi kukiri, lakini Hepburn hakuteuliwa hata kuwania Oscar, na Andrews akaibeba mwaka uleule kwa Mary Poppins. Miaka ya karibuni soko limekuwa kali zaidi: Cats ya 2019 ilijaza majina makubwa, na mapato yake ya sinema hayakufikia hata gharama ya kuitengeneza.

Jukwaa nalo lina mtego wake. Dear Evan Hansen ya 2021 ilimrudisha Ben Platt, aliyeng'ara kwenye mchezo wa jukwaani, lakini kamera ilimsogelea mtu anayekaribia miaka 30 akijifanya mwanafunzi wa sekondari, na filamu ikaanguka.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa Afrika Kusini. Sarafina! ya Mbongeni Ngema ilianza jukwaani Johannesburg mwaka 1987, ikaenda Broadway ikachezwa mara 597. Filamu ilipotengenezwa, ikatoka 1992, lilihitajika jina la kuuzia Marekani, akachukuliwa Whoopi Goldberg, mwenye Oscar ya mwaka uliotangulia. Lakini alipewa uhusika wa mwalimu, ambaye kazi yake kubwa ni kuzungumza. Sarafina mwenyewe akabaki Leleti Khumalo wa jukwaani, na mama yake akawa Miriam Makeba. Jina lilinunuliwa pasipo kuuza sauti. Matokeo niliyaona kwenye banda la video, jenereta inanguruma nyuma ya bati, watoto wasiojua neno la Kizulu wakiimba na wanafunzi wa Soweto wa kwenye filamu mpaka benchi likayumba.

Kwetu, Amil Shivji alipoigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu, uhusika wa Mwajuma alimpa Siti Amina, mwimbaji wa taarabu hasa, wa Siti and the Band ya Zanzibar. Filamu ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikatwaa tuzo kuu ya tamasha la Carthage, Tunisia. Haikuhitaji sura ya kava kufika huko.

Na kava lenyewe limepoteza nguvu. Mtazamaji wa leo yuko YouTube au kwenye king'amuzi anacholipia kwa mwezi. Anaonja kwanza, na asiporidhika anahama kwa kidole. Soko limerudi mkekani. Mtayarishaji anayetaka hadithi ya nyimbo akafanyie usaili harusini, Mkinga, Pangani au Muheza, ahesabu noti zinazoinuka, kisha mkataba wa mwimbaji utaje jina lake na fungu lake katika kila mauzo. Anayelipwa ya siku moja huku sauti yake ikiuzwa miaka kumi anaibiwa.

Yule mama bado anaitwa harusini. Mara ya mwisho nilipomsikia aliwaambia wenye shughuli bei yake mpya, na walipoguna, akaimba ubeti mmoja uani, bila kipaza sauti. Wakalipa.