Homa Isiyongoja Treni
Limfoma ya Burkitt, saratani ya taya na tumbo ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala, huwapata zaidi watoto wa maeneo ya malaria kama Kamina, nchini Kongo, na huitikia dawa haraka. Lakini dawa hizo hupunguza chembe nyeupe za damu, zinazopambana na maambukizi. Siku kadhaa baadaye, homa ya nyuzi 38.5 yaweza kuua kabla treni ya kumpeleka mtoto kwa daktari bingwa Lubumbashi haijaondoka. Ndiyo maana namwona muuguzi wa karibu kuwa nguzo. Wapo watakaosema hawezi kitu bila daktari bingwa. Kweli, hatapanga dawa za saratani. Ila kipimajoto, mikono iliyooshwa na antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja havimngojei bingwa. Vinahitaji maagizo yaliyoandikwa mapema, na mama aliyeambiwa waziwazi kwamba homa hii isidhaniwe malaria tu.