Kadi mbili za picha, alimantasio moja: kwa nini kompyuta inazimika

Kompyuta inawaka vizuri, lakini kadi zote mbili za picha zikianza kazi nzito, inazimika. Katika studio za video, wengi wanakimbilia kununua kadi mpya, kumbe mara nyingi kosa liko kwa alimantasio, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine.

Hesabu ni nyepesi. RTX 3090 moja inakula wati 350. Mbili ni 700. Prosesa ikiongeza 150 na vifaa vingine 50, inafika 900. Tena kadi hizo hupanda ghafla kupita kiwango hicho, kwa hiyo alimantasio ya wati 1000 inaweza kujizima. Ya 1300 inaacha nafasi.

Waya pia zina mpaka: kichwa cha pini 8 kimepangiwa wati 150. Kila kichwa kipewe waya yake, na waya za alimantasio nyingine zisichanganywe, zinaweza kuunguza vifaa.

Kabla ya kutoa pesa, fundi ajaribu kadi moja moja. Kila moja ikifanya kazi peke yake, lakini mbili pamoja zikizima mashine, anayeshukiwa kwanza ni alimantasio na waya zake.