Rangi Inayoikinga Fangasi: Melanini na Homa ya Uti wa Mgongo

Mgonjwa anayefika Hospitali ya Tumbi, Kibaha, au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe akilalamikia kichwa kilichomuuma kwa majuma mawili, huenda amekwisha kumeza dawa za malaria bila nafuu. Iwapo anaishi na VVU na kinga yake imeshuka, hana budi kuchunguzwa fangasi iitwayo kriptokokasi.

Fangasi hii huishi katika udongo na kinyesi cha njiwa. Wengi huivuta pamoja na vumbi wasidhurike. Kinga inapodhoofika, husafiri kwa damu hadi ubongoni. Huko hukuta dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kupeleka taarifa, nayo huweza kuigeuza kuwa melanini, rangi iliyo jamaa ya ile inayoipa ngozi ya binadamu weusi wake. Tabia hiyo ilimwezesha Friedrich Staib, mwaka 1962, kuitambua kriptokokasi maabara: ikioteshwa juu ya mbegu za nugi, zao la mafuta la Ethiopia, huwa ya hudhurungi.

Melanini hujipanga katika ukuta wa seli ya fangasi. Chembe nyeupe za damu zinapoishambulia kwa kemikali kali za oksijeni, rangi hiyo huzipunguza makali. Vilevile huinasa amfoterisini B kabla haijafika kwenye utando wa seli. Katika majaribio ya maabara, flukonazoli na flusitosini hazikuzuiwa kwa namna hiyo.

Hata hivyo, amfoterisini B ingali nguzo ya tiba, ila haiachwi peke yake. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini B ya liposomu, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14.

Bora zaidi ni kuiwahi kabla haijafika ubongoni. Utafiti wa Dar es Salaam na Lusaka, uliochapishwa 2015, ulihusu wagonjwa wenye CD4 chini ya 200. Waliopimwa damu kutafuta kriptokokasi na kutembelewa nyumbani walipungukiwa vifo kwa asilimia 28.

Basi mhudumu asikipuuze kipimo hicho cha damu. Na mgonjwa, hasa aliyewahi kuacha ARV, asikivumilie kichwa kisichopoa. Arudi kliniki mapema.